Mtoto atazame kioo cha nyuma, si dashibodi

Ndugu Mhariri,

Ukurasa wenu wa familia wa Jumapili iliyopita ulikuwa na picha ya mama yuko kwenye usukani, anacheka, na kushoto kwake, kiti cha abiria wa mbele, mtoto wa kama miezi minane amefungwa kwenye kiti chake cha gari akitazama mbele. Maelezo ya picha yalimwita mama huyo mfano wa kuigwa. Mimi ni fundi umeme wa magari, nafungua dashibodi kila siku, na hilo siwezi kuliacha lipite. Kununua kiti ni jambo la maana na wengi hawajafika hata hapo. Lakini kiti kimewekwa mahali pasipo pake, na mtoto ametazamishwa upande usio wake.

Nianze na upande. Kichwa cha mtoto mchanga ni kama robo ya urefu wa mwili wake wote; kwako na kwangu ni kama sehemu moja ya nane. Kichwa hicho kizito kimekaa juu ya shingo ambayo pingili zake bado ni vipande vilivyoungwa kwa gegedu, na itachukua miaka kadhaa vishikane viwe mfupa kamili. Gari likigonga kwa mbele, mtoto anayetazama mbele mabega yanazuiwa na mikanda, kichwa kinaendelea na safari, na kazi ya kukizuia inabaki kwa shingo peke yake. Akiwa ametazama nyuma, mgongo, shingo na kichwa vinaegemea ganda la kiti kwa pamoja, na kishindo kinatawanyika. Ni tofauti ya golikipa anayeupokea mpira kwa kifua na yule anayeuzuia kwa ncha ya kidole kimoja.

Wazo hili si la jana. Mwaka 1964 profesa wa Uswidi, Bertil Aldman, wa chuo cha Chalmers mjini Gothenburg, alitengeneza kiti cha kwanza cha mtoto cha kutazama nyuma, kikajaribiwa ndani ya Volvo. Aliona jinsi wanaanga wa Marekani wa chombo cha Gemini walivyolazwa chali ili mgongo mzima upokee msukumo wa roketi, akajiuliza kwa nini mtoto asifanyiwe hivyohivyo. Hadi leo Waswidi wanashauriwa kumwacha mtoto atazame nyuma mpaka miaka 4. Madaktari wa watoto wa Marekani walikuwa wakisema miaka 2, ila mwaka 2018 wakaondoa umri kabisa: abaki ametazama nyuma mpaka afikie kikomo cha uzito au urefu kilichoandikwa kwenye kiti chenyewe. Viti vya Ulaya vya kanuni mpya ya R129 haviruhusu kumgeuza kabla ya miezi 15, na hicho ni kiwango cha chini kabisa.

Sasa kwa nini huku kwetu mtoto anageuzwa akiwa na miezi saba? Sababu ninazosikia gereji ni zilezile. Ya kwanza ni namba. Viti vingi vilivyoko sokoni ni vya kanuni ya zamani, R44, vyenye stika ya rangi ya machungwa, na kwenye stika hiyo kundi la kutazama mbele linaanzia kilo 9. Mama anarudi kliniki, kadi inasoma kilo tisa na pointi, anaona mtoto amefuzu. Watoto wetu wanaonyonya vizuri wanafika kilo 9 mapema, wengine hata kukaa hawajajua sawasawa. Kilo 9 ni kibali cha mwenye kiwanda kwamba kiti hakitavunjika. Shingo ya mtoto haipimwi kwa mizani ya kliniki. Kiti cha kundi la 0+, yaani la wachanga, kinambeba akitazama nyuma hadi kilo 13, na vipo vinavyofika 18 na zaidi.

Ya pili ni miguu. "Fundi, miguu inamkunjika, si ataumia?" Haumii. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu anashinda amekunja miguu mkekani na hujawahi kumhurumia. Dalili kwamba kiti kimekuwa kidogo iko kichwani: utosi ukibakiza chini ya sentimita mbili na nusu kufika ukingo wa juu wa ganda, tafuta kiti kikubwa zaidi. Ya tatu ni ya akina bibi, kwamba atatapika. Mtoto wa kutapika atatapika hata akipakatwa, beba kitambaa. Ya nne, kwamba mama anataka kumwona uso, naielewa, na dawa yake ni kioo kidogo kinachofungwa kwenye kiegemezi cha kichwa cha siti ya nyuma.

Niende kwenye lililonifanya nishike kalamu hasa, yaani siti ya mbele. Nyuma ya kile kifuniko laini mbele ya abiria kuna mfuko wa hewa, ambao sisi tunauita eabegi. Ukifyatuka unatoka kwa kasi ya zaidi ya kilomita 200 kwa saa, na umepimwa kumpokea mtu mzima aliyefunga mkanda. Kiti cha kutazama nyuma kikiwekwa hapo, mgongo wake unakaribia kugusa dashibodi, na mfuko unakipiga palepale kilipo kichwa cha mtoto. Kwa hiyo atakayesoma barua hii akageuza kiti kitazame nyuma lakini akakiacha mbele, amefanya baya kuliko la kwanza. Mtoto akae siti ya nyuma. Kwenye kikinga jua cha abiria, gari nyingi zina stika yenye picha ya kiti cha mtoto iliyopigwa mstari. Maandishi ya Kijapani hatuyasomi lakini picha inasomeka. Wapo wateja wanaoniomba niibandue kwa kuwa inachafua gari.

Wengine wananiambia eabegi ya gari yao haifanyi kazi, hivyo hakuna hatari. Umejuaje? Nimefungua dashibodi ambazo mfuko ulishafyatuka huko gari lilikotoka, kifuniko kikashonwa upya na taa ya onyo ya eabegi ikadanganywa kwa rezista isiwake. Nimefungua na nyingine ambazo mwenyewe aliapa kuwa mfuko ni mbovu, kumbe mzima kabisa na uko tayari. Taa ya dashibodi ya gari la mtumba haimalizi ubishi huo. Japani kwenyewe, tunakonunulia hizi IST, Raum na Noah, sheria inataka mtoto wa chini ya miaka 6 akae kwenye kiti chake tangu Aprili 2000. Gari linapanda meli, kiti kinabaki.

Juu ya mitumba ya viti vyenyewe nitasema kwa kifupi, maana najua bei ya kipya dukani na sitaki kumkatisha mtu tamaa. Pindua kiti uangalie chini. Kwenye plastiki kuna kiduara kama saa chenye mshale: katikati ni mwaka kilipotengenezwa, mshale unaonyesha mwezi. Viwanda vingi hutoa umri wa miaka 6 hadi 10. Angalia ganda kwa ndani, chini ya kitambaa, kama lina weupe wa kujikunja au ufa. Vuta mikanda, angalia kama imechakazwa na jua. Kiti kilichokuwa ndani ya gari lililopata ajali hakitumiki tena hata kama hakina alama, na muuzaji wa mnadani hawezi kukuambia historia hiyo, kwa hiyo kama dada au rafiki ana kiti ambacho unajua kimepita wapi, hicho ni bora kuliko kinachong'aa.

Na ukishakipata, tazama ubavuni. Viti vya Ulaya vina njia mbili za kupitisha mkanda wa gari: zenye alama za bluu ni za kutazama nyuma, zenye nyekundu ni za kutazama mbele. Ukipitisha kwenye nyekundu huku kiti kimegeuzwa, hujafunga kitu. Kisha kishike pale mkanda unapopita ukitikise. Kikisogea zaidi ya sentimita mbili na nusu, panda goti juu yake, vuta mkanda upya. Ukiingiza vidole kwenye mfereji kati ya mgongo na kikalio cha siti ya nyuma ukagusa vyuma viwili, gari lako lina ISOFIX, yaani vishikio vya kubania kiti cha mtoto, na kama kiti nacho kina pingu zake kinabana bila kutumia mkanda. Mikanda ya mtoto yenyewe itokee usawa wa mabega au chini kidogo. Jaribu kuifinya begani kwa vidole viwili, ikifinyika, imelegea. Kichanga alazwe kwa mwinamo unaoonyeshwa na mstari ulio ubavuni, kidevu kisiangukie kifuani kikambana pumzi. Na yale mashali mawili anayotoka nayo wodini, katika joto la Dar es Salaam! Mvueni, mfungeni mikanda, ndipo mumfunike kwa juu. Shali likiwa chini ya mkanda, siku ya kishindo linabonyea na mtoto anachomoka.

Najua wasomaji wako wengi wanapanda daladala na bodaboda, na ushauri huu hauwafikii. Hiyo ni barua nyingine, na naomba mwenye uzoefu nayo aiandike. Mimi nasema na wenye magari, hasa hawa ambao Desemba wananiletea gari zikaguliwe kabla ya kwenda kuhesabiwa, yaani kula sikukuu kwao, Moshi na Rombo. Tunabadilisha oili, tunaangalia fani belti, tunapima betri. Halafu alfajiri watu wazima watatu na mabegi wanabanana nyuma, na mtoto anapakatwa mbele na mama hadi Segera na kuendelea. Mtoto wa kilo 10, gari likisimama ghafla kutoka kilomita 50 kwa saa, anavuta kwa uzito wa karibu kilo 300. Hakuna mikono ya kushika hiyo, na njia ya Chalinze hakuna anayekwenda 50. Bora begi moja lipande basi.

Trafiki akinisimamisha ananiuliza leseni, bima, pembetatu na mtungi wa kuzimia moto, na ana haki. Sijawahi kumwona akiinama kwenye dirisha la nyuma kuuliza mtoto amefungwa wapi. Vilevile wauzaji wa yadi, ambao wanakutupia kapeti jipya na redio bure ili ununue haraka, hakuna aliyeniambia kwamba amempa mteja mwenye mke mjamzito kiti cha mtoto. Nao wauguzi wa wodi ya wazazi, wanaomfundisha mama kumnyonyesha na kusafisha kitovu kabla hajaruhusiwa, wangetumia dakika tano tu kumwonyesha upande wa kumlaza garini.

Kwa upande wa polisi, ombi langu ni dogo. Kwenye Wiki ya Nenda kwa Usalama gari zinakaguliwa na kubandikwa stika. Mkaguzi amwulize dereva kama ana mtoto mdogo nyumbani, na akijibu ndiyo, aombe kuona kiti kimefungwa siti gani na kimetazama wapi. Mwaka wa kwanza asimtoze mtu faini. Amwonyeshe tu alama za bluu zilipo.

Wako,
Fundi umeme wa magari,
Buguruni, Dar es Salaam