Msituambie tena kwamba hatujali

Ndugu Mhariri,

Nimekuwa msomaji wako miaka mingi bila kukuandikia hata mstari, lakini ile taarifa ya wiki iliyopita kuhusu wananchi na utunzaji wa mazingira siwezi kuinyamazia. Wataalamu wote waliohojiwa waliishia pale pale: watu hawana mwamko, waelimishwe. Hivi bado yupo asiyejua kwamba plastiki haiozi?

Mtaani kwetu tulielimishwa tukaelimika. Tulipewa mapipa mawili kila nyumba, moja la mabaki ya chakula, jingine la chupa na makopo, na watu wakatenganisha taka bila kusukumwa. Jirani yangu, mama mtu mzima, alikuwa akizisuuza chupa moja moja na kuweka vifuniko kando. Asubuhi moja lori lilikuja tukiwa tumesimama nje. Kijana wa kuzoa taka akainua pipa la kwanza akamwaga, akainua la pili akamwaga juu ya lile la kwanza. Yule mama akamuuliza kwa upole kulikoni. Akajibiwa kwamba gari ni moja na dampo ni moja, mengine waulizwe wakubwa. Tulipowauliza wakubwa, tukaambiwa mradi uko katika hatua za awali. Haukupita muda mapipa yale yakageuka ya kuhifadhia maji, na aliyekuja baadaye na dodoso lake akaandika kwamba wakazi wamekosa mwamko. Mhariri, mwamko ulikuwepo! Uliuawa mbele ya macho yetu, na mpaka leo ukimtajia mtu yeyote mtaani habari ya kutenganisha taka, atakukumbusha lile lori.

Na gazeti nalo linachangia. Kila mkiandika kwamba wengi hawajali, mnamfundisha msomaji kuwa kutojali ndiyo kawaida. Mwanasaikolojia Robert Cialdini na wenzake walilijaribu jambo hili katika hifadhi ya Petrified Forest kule Arizona, Marekani: bango lililolalamika kwamba wageni wengi huondoka na vipande vya miti iliyogeuka mawe liliongeza wizi badala ya kuupunguza. Katika utafiti mwingine uliochapishwa mwaka 2008, familia za California zilipewa sababu mbalimbali za kupunguza matumizi ya umeme: kulinda mazingira, kuokoa pesa, kutimiza wajibu kwa jamii. Waliopunguza zaidi ni walioambiwa kwamba majirani zao tayari wanafanya hivyo. Ajabu ni kwamba watu wenyewe wakiulizwa, walisema jirani ndiye anayewashawishi kidogo kuliko vyote. Kwa hiyo dodoso peke yake halitakwambia kinachomsukuma mtu.

Elinor Ostrom, aliyepata Nobeli ya uchumi mwaka 2009, alionyesha kwamba watu wanaotumia msitu, mfereji au eneo moja la uvuvi wanaweza kuutunza urithi wao vizuri wakijiwekea kanuni wenyewe na kusimamiana. Mtaani kwetu hakuna aliyetuuliza hata lori lipite saa ngapi.

Nikiwa hapo hapo, naomba pia mpunguze picha za viongozi wakipanda miti. Mche unapigwa picha siku ya kwanza, kisha hakuna wa kuumwagilia, na mwaka unaofuata shimo lile lile linachimbwa tena kwa ajili ya sherehe nyingine. Watoto wanaoletwa kupiga makofi wanayaona hayo yote.

Ninachopendekeza ni hiki. Fedha za fulana na kofia za kampeni zinunue lori la pili, au hata ubao tu wa kuligawa katikati lile lori lililopo. Kisha kila mwisho wa mwezi pabandikwe karatasi kwenye kituo cha basi ikionyesha nyumba ngapi zimetenganisha taka, uzito wake ulikuwa kilo ngapi na zilipelekwa wapi. Na gazeti lako liichapishe karatasi hiyo ukurasa wa mbele, mahali ilipokaa taarifa ile.

Msomaji wenu wa miaka mingi