Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama Wakulima wa Mpunga, Mwea

Ndugu wanachama,

Mwaka huu sitaanza na mavuno wala bei ya pishori, mchele wetu wa kunukia. Naanza na konokono wa majini anayekula mpunga, yule aitwaye kwa Kiingereza apple snail, maana ndiye aliyekula muda wa kamati, na kwa wengi wenu amekula na miche.

Alionekana hapa Mwea, Kenya, mwaka 2020, na ikawa mara ya kwanza kwa aina hii kuthibitishwa katika bara la Afrika. Kwao ni Amerika Kusini. Karibu mwaka 1980 alipelekwa Taiwan afugwe kwa kitoweo, soko likakosekana, akaingia mashambani, na leo anasumbua wakulima Ufilipino, Vietnam na Thailand. Kila mkutano kuna anayeuliza kwa nini tusimle. Wenzetu walianza hivyo hivyo. Tena huweza kubeba minyoo inayodhuru binadamu, kwa hiyo mnapookota, vaeni glavu.

Hasara yake mnaijua. Unapandikiza jioni, asubuhi unakuta shina limekatwa chini na majani yanaelea. Mche ukishapita mwezi mmoja hivi umekomaa, konokono hawezi tena kuukata. Utafiti uliofanywa hapa Mwea ulionyesha kuwa mkulima ambaye zaidi ya 20% ya shamba lake limevamiwa hupoteza kama 14% ya mavuno, lakini mapato halisi hushuka kwa karibu 60%. Mavuno yanapungua kidogo, mfuko unatoboka: vibarua wa kuokota, miche ya kujazia mapengo, dawa.

Sasa niseme wazi. Tumekuwa tukipigana kila mtu kwenye shamba lake, na hapo ndipo tunaposhindwa. Maji ni ya mfereji mmoja. Wa juu asipookota, wa chini anaokota bure. Ukikausha shamba, konokono anajifukia kwenye tope, anafunga kifuniko chake na kusubiri hata miezi. Na tangu Bwawa la Thiba linalotuletea maji likamilike mwaka 2022 ugomvi wa maji umepungua, jambo jema, ila maji yakiwepo mwaka mzima naye yupo mwaka mzima.

Msimu uliopita wanachama wa mfereji mmoja walikubaliana kuokota asubuhi zile zile, kabla jua halijawa kali, na kusaga yale mayai ya rangi ya waridi yanayogandamana kwenye matete na kuta za mfereji. Kichala kimoja huwa na mamia ya mayai, nayo huanguliwa ndani ya wiki mbili hivi. Miche iliyosimama upande huo kila mtu aliiona. Nyavu za kwenye viingilio vya maji hazikwenda vizuri: zilizibwa na magugu, na wapo waliozifungua usiku ili wapate maji. Siwalaumu sana, mpunga uliokauka hauna haja ya kulindwa dhidi ya konokono. Lakini nyavu bila zamu ya kuzisafisha ni kazi bure. Bata wamesaidia, hasa kabla ya kupandikiza, kwa waliowafungia usiku. Wengine bata wao waliishia kwenye sufuria, na si sufuria zao.

Ndege walitusumbua kama kawaida, na kamati ya ulinzi itatoa taarifa yake.

Kamati inaleta maombi matatu yapigiwe kura leo. Kwanza, kila mfereji uchague msimamizi wa siku za kuokota na zamu ya nyavu. Pili, rotaveta (mashine ya kulimia tope) yoyote ioshwe tope lote kabla ya kutoka shamba moja kwenda jingine, na gharama ya maji na kazi ilipwe na mwenye shamba, si mwenye mashine; tumebishana sana juu ya hili na huo ndio msimamo wangu. Tatu, tuache kupandikiza miche michanga, na tupunguze maji shambani wiki za mwanzo, mfereji mzima kwa pamoja.

Mweka hazina atasoma hesabu baada ya kura.

Mwenyekiti