Mpwa wangu, elektroni nayo huanguka

Mpwa wangu mpendwa,

Siku ya arobaini ya bibi uliniuliza swali nikakukwepa kwa kisingizio cha pilau: kama dunia huvuta kila kitu, mbona hatusikii elektroni, zile chembe ndogo mno za ndani ya atomi, zikianguka kama maembe? Kaka zako wakakucheka. Mimi nilicheka pia, na hilo limenikera njia nzima ya kurudi nyumbani.

Huanguka. Mahali pasipo na hewa wala umeme, elektroni na embe zikiachiwa pamoja zitashuka sawia, karibu mita 5 katika sekunde ya kwanza. Tatizo ni kumpata huyo elektroni akiwa peke yake. Ana chaji ya umeme, na kati yake na protoni, chembe mwenzake wa ndani ya atomi, kani ya umeme huizidi ile ya uvutano kwa kiasi cha 1 kikifuatwa na sifuri 39. Chaji kidogo tu iliyobaki kwenye ukuta wa chombo inatosha kumpeleka mrama. Ni kutafuta sauti ya mbu penye ngoma ya harusi.

Basi wanafizikia wakaigeukia nyutroni, chembe nyingine ya atomi, isiyo na chaji. Mwaka 1975 Colella, Overhauser na Werner waliligawa wimbi la nyutroni njia mbili, moja juu kuliko nyingine. Yalipokutana tena hayakuwa sawa, na kilichoyatofautisha ni uvutano.

Ila ninalolipenda mimi ni jaribio la Grenoble, Ufaransa, lililotangazwa mwaka 2002. Watafiti wa huko walichukua nyutroni zilizopunguzwa mwendo hadi mita chache kwa sekunde (hata wewe ungezikimbiza) wakazipitisha juu ya kioo kilichosuguliwa kikalainika kabisa. Juu yake wakaweka dari yenye kunasa nyutroni yoyote itakayoigusa, wakawa wanaiinua kidogo kidogo. Ungedhani nafasi ikiwa finyu zitapita chache, ikipanuka zitaongezeka. Wapi! Chini ya kama maikromita 15 (maikromita ni sehemu moja ya milioni ya mita), wembamba kuliko unywele, hazikupita kabisa. Zaidi ya hapo, zikaanza kupita.

Sababu ni kwamba nyutroni ina tabia ya wimbi, na wimbi halibanwi likalala chapa sakafuni. Dunia inaivuta chini, kioo kinairudisha juu, na katikati ya hao wawili inaruhusiwa kukaa kwenye vipandio fulani tu, kama vya ngazi. Cha kwanza hufika karibu maikromita 14. Embe nalo lina vipandio vyake, ila vimesongamana mno hata hakuna chombo cha kuvitenganisha.

Na antimata je, ile mata ambayo chembe zake zina chaji kinyume na za kawaida? Mwaka 2023 watafiti wa CERN, maabara ya fizikia ya Ulaya, walionyesha kuwa atomi za antihaidrojeni, yaani haidrojeni ya antimata, nazo huanguka chini. Nilikuwa nikitamani zipae, nikiri.

Ukikutana na kaka zako, waulize wao: elektroni inapoanguka, inaivuta dunia kwa kani kiasi gani? Ni ileile ambayo dunia inaivuta nayo.

Mjomba wako