Shukrani kwa kaka wa pikipiki, daraja la Sabaki

Kaka uliyesimama Jumanne karibu na daraja la Sabaki, ahsante sana. Jina sikukuuliza, kosa langu. Nilishaamua kuwa dainamo (ile inayochaji betri) ya trekta ya marehemu baba imekufa, na betri mpya (ya deni!) nayo ilikuwa imeisha kwa siku tatu. Wewe ukapima kwanza: volti 12.2 injini ikiunguruma, maana yake chaji haiingii. Ukakaza mkanda uliolegea, kisha ukafungua waya wa ethi (ule unaofungwa kwenye bodi ya trekta) ulioota kutu ya kijani kwa huu upepo wetu wa chumvi, ukausugua kwa msasa hadi shaba ikang'aa. Ukapima tena: 14.1, chaji inaingia. Hela ukakataa, ukanywa madafu mawili tu. Ukipita Mambrui, embe zimeiva.