Risala ya Klabu ya Historia kwa Mgeni Rasmi, Bukumbi, Mwanza

Mheshimiwa mgeni rasmi, mkuu wa shule, walimu, masista, wazazi wetu na wanafunzi wenzetu: Tumsifu Yesu Kristo! Na kwa ndugu zetu Waislamu, asalaam aleikum.

Karibu Bukumbi. Mapadre Weupe, wamisionari Wakatoliki, walifika hapa mwaka 1883 wakitokea Buganda, kwa Kabaka Mutesa. Habari zao tulizipata vitabuni bila taabu. Kazi ilikuwa kupata habari za masista.

Shirika la Masista Weupe lilianzishwa na Askofu Mkuu Lavigerie huko Algeria mwaka 1869, na mwaka 1894 masista wake wa kwanza wakaingia nchi hii. Mgeni rasmi, reli ya Tabora hadi Mwanza ilikamilika mwaka 1928. Kabla ya treni za ukoloni, mwenye safari ya huku alitembea kwa miguu kutoka pwani, miezi kadhaa, na wanawake hao walikuja.

Lakini lililotugusa zaidi ni habari za mabinti wa hapa hapa ziwani. Usukumani, binti akisema anataka utawa, ng'ombe wa mahari hawaingii zizini kwa baba yake. Kaka aliyewategemea ng'ombe hao ili naye aoe, anakwama. Kwa hiyo kabla ya unovisi (malezi ya utawa) na nadhiri, binti alikuwa na shauri zito la kumaliza nyumbani. Tunaona huo ni ushujaa, na tunasikitika kwamba katika vitabu tulivyosoma maaskofu wana majina, mabinti hawana.

Yawezekana kuyapata. Ng'ambo ya ziwa, Bwanda nchini Uganda, shirika la Bannabikira lilianza mwaka 1910 chini ya malezi ya Mama Mechtilde, kisha likaongozwa na Mwafrika, Mama Ursula. Wenzetu wa kule wanawataja waasisi wao kwa majina.

Mgeni rasmi, tunaomba vinasa sauti viwili, kabati la chuma la kutunzia picha za zamani (mchwa wametutangulia), na nauli ya meli hadi Nansio ili tufike Kagunguli, misheni kongwe ya Ukerewe. Tunaomba mapema. Mwaka jana tuliandika orodha ya bibi wa kuwahoji, na wawili kati yao tumekwisha kuwazika.

Ahsante kwa kutusikiliza.

Ni sisi, wanaklabu.