Shoga, mguu wa Salumu

Ngamiani, Tanga
Jumanne usiku

Shoga yangu Rukia,

Assalaam alaykum. Sisi hatujambo, ila hilo moja nitakalokueleza. Ninyi huko hamjambo? Mama hajambo na presha yake? Naandika mbiombio maana Mama Hadija anapanda basi la alfajiri. Machungwa ni ya Muheza, ng'onda ni wa Deep Sea, na kikapu kimetoka hapa kimejaa mpaka mdomoni. Ukikikuta kimepungua, kesi ni ya Mama Hadija.

Najua bado umeninunia kwa yale madira ya harusi. Rangi ile sikuichagua mimi, nimeshaapa mara tatu. Tutagombana vizuri siku nyingine, leo nina la mtoto.

Salumu anachechemea. Leo siku ya 12.

Hakuanguka, hakupigwa, hakugongwa na bodaboda. Alilala mzima akaamka hivyo. Nilikuwa jikoni nachoma maandazi, nikasikia kandambili zake ukumbini: mguu wa kushoto pa, wa kulia shaaa. Pa, shaaa. Nikajua kavaa za baba yake. Kugeuka, ni zake mwenyewe, ila ule wa kulia anauburuza. Nikamkalisha kwenye kigoda, nikawasha tochi ya simu, nikakagua unyayo kidole kwa kidole natafuta funza, mwiba, kigae cha chupa. Hamna kitu. "Panauma wapi, baba?" Anashika goti. Nikalishika na mimi: halina moto, halijavimba, liko kama mwenzie.

Basi kila mtu akawa daktari. Mama Mwajuma wa mlango wa pili akasema anamwigiza Mzee Kombo. Nikataka kuamini, maana mwanangu kwa kuigiza watu hajambo. Nikasimama mwisho wa uchochoro na kashata mkononi, nikamwita. Akaja mbio, Rukia, anacheka, meno yote nje, na mguu unaburuzika vile vile. Mtoto anayeigiza akiona kashata husahau. Nikampa kashata yake, nikaingia ndani nikalia.

Wifi akasema ni ile sindano ya mwezi uliopita. Unajua ile zahanati niliyokuambia, wanaochoma sindano kwa kila kitu, hata mtoto akipiga chafya. Kweli sindano ikipiga mshipa wa kalio mguu unaweza kulegea, hilo hata daktari amelikubali. Lakini sindano ilikuwa kushoto, mguu ni wa kulia. Wifi akanyamaza, nusu saa hivi.

Mama mkwe naye anataka tumpeleke Raskazone maji yakitoka tumfukie mchanga mpaka kiunoni. Nikamwambia mama, hiyo si ya watoto waliochelewa kutembea? Huyu anatembea tangu ana miezi 11. Akasema mchanga hauchagui.

Tulikwenda Bombo siku ya tatu. Daktari ni binti mdogo, nilimdharau mlangoni nikamheshimu nilipotoka. Goti hakuligusa hata. Alimlaza chali, akashika mguu akawa anauviringisha kitandani taratibu, huku na huku, kama anayesukuma chapati. Salumu akawa anacheka. Alipouviringisha kwa ndani, kicheko kikakatika, akamshika daktari mkono. Daktari akaniambia, mama, goti ndilo linalolia lakini mgonjwa ni nyonga, kwa watoto maumivu ya nyonga hujitokeza gotini. Akauliza kama alikuwa na mafua karibuni. Alikuwa nayo, wiki moja kabla. Akasema mara nyingi ndiyo hivyo: mafua yanapita, nyonga inajaa maji kidogo, mtoto anachechemea wiki moja au mbili, inaisha yenyewe. Eksirei haikuonyesha kitu. Ultrasaundi imeonyesha hayo maji, si mengi. Akatupa dawa ya maji ya kutuliza maumivu, akasema apumzike (Salumu apumzike! angemwambia kuku aogelee), na akasisitiza: akipata homa au akikataa kabisa kukanyaga, mlete hata saa nane za usiku, maana usaha ukiingia kwenye nyonga hausubiri asubuhi. Na tukivuka wiki mbili anapiga eksirei nyingine, kwa sababu kuna ugonjwa wa kichwa cha mfupa wa paja, unawapenda watoto wa kiume wa umri huu, na mwanzoni picha huweza isiuonyeshe.

Kwa hiyo kila usiku naamka namgusa paji la uso. Homa hana. Asubuhi nasikiliza kandambili.

Ningekuwa nimetulia, wallahi, wiki mbili si nyingi. Sasa sikiliza. Pale pale daktari aliuliza: kwenye ukoo kuna mwenye selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi? Baba Salumu akajibu "hatuna" swali halijaisha. Daktari akamtazama, akaandika kipimo vile vile. Akasema ukanda wetu huu wa mbu na malaria ndiko inakojificha, kwa sababu anayeibeba kutoka kwa mzazi mmoja tu haugui, na malaria kali humkwepa, basi inarithiwa kimya kimya mpaka siku wawili wanaoibeba wakaoana. Kipimo cha haraka kimesema ipo. Ila hicho hakitofautishi anayeibeba na anayeugua. Kinachotofautisha majibu yake ni Alhamisi. Kiwango cha damu ya Salumu ni 11, daktari anasema hiyo inatia moyo, wanaougua wengi huwa chini ya hapo. Nashikilia hiyo 11 kama kamba ya ngalawa.

Sasa juzi usiku mama mkwe alikuwa anamkanda Salumu kwa mafuta ya nazi. Mtoto kasinzia, mimi nachambua mchele. Akasema, kama anaongea na huo mguu: "Hivi hivi. Athumani wangu nilikuwa namkanda hivi hivi mpaka kuadhiniwe." Kisha akanyamaza. Akaniuliza kama nimeanika kanga zake.

Athumani, Rukia, yule mdogo wake Baba Salumu. Mimi nimeambiwa miaka yote alikufa kwa homa. Ukutani kwao ipo ile picha ya Idi ya ndugu watatu, wawili wamesimama na kanzu, yeye kakalishwa kwenye kiti. Nimeipita miaka 7 nikiona mtoto kapewa kiti kwa sababu ndiye mdogo.

Simtafuti wa kumtupia mzigo. Kama ni ugonjwa wenyewe basi umetoka pande zote mbili, na mimi kwetu Pangani nina wajomba waliozika watoto wadogo na hakuna aliyeuliza. Daktari amesema kila mimba ya wawili wanaoibeba ni bahati nasibu ya mmoja kati ya wanne. Damu itasema Alhamisi, hiyo sikuulizi wewe. Ila ule "hatuna" wa Baba Salumu umenikaa kooni. Alijua akaficha, au naye alifichwa? Alikuwa na miaka minane hivi Athumani alipofariki. Kumuuliza siwezi, nimejaribu mara mbili nikaishia kuuliza habari za luku. Na sitaki nimnunie mtu kwa jambo alilolificha mama yake.

Ninyi mlikuwa ukuta mmoja na kwao Baba Salumu, na mama yako ndiye aliyekuwa anaitwa kila penye mgonjwa. Muulize kwa ajili yangu. Taratibu, akishakula, usimwambie ni mimi kama unaweza. Athumani aliugua nini hasa? Macho yalikuwa yanaingia manjano? Mikono na miguu ilikuwa inavimba alipokuwa mchanga? Alikuwa anaongezwa damu? Alichechemea? Kaka zake waliambiwa nini siku ile? Na wewe mwenyewe, mlicheza naye, hukumbuki chochote? Yule mtoto wa shemeji yako anayehudhuria kliniki ya selimundu Muhimbili anaendeleaje, anasoma, anacheza mpira? Niambie hilo hata kama mengine huyajui.

Usiniandikie, karatasi hapa zinasomwa. Nipigie kesho saa tisa alasiri, mama mkwe anakuwa kalala. Wifi akiwa karibu nitaanza kukufokea habari ya madira. Wewe nifokee tu, ila katikati sema "alijua" au "hakujua", nitakuelewa.

Mama Hadija anagonga.

Shoga yako,
Mama Salumu