Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti wa Tawi kwa Wanachama wa Nu Rho Psi, Mwaka wa Masomo 2024/2025

Ndugu wanachama,

Kwa kuwa taarifa za katibu na mhazini mmeshazipokea, nami sina la kuongeza kuhusu mahudhurio wala hesabu, nitajikita katika suala lililotuchukulia muda mwingi zaidi vikaoni mwaka huu: mwanafunzi akishapokelewa katika chama cha heshima kama chetu, kinachowatunuku waliofaulu vizuri katika sayansi ya ubongo na neva, anadaiwa nini?

Nu Rho Psi ilianzishwa hapa Marekani mwaka 2006 na Faculty for Undergraduate Neuroscience, umoja wa wahadhiri ambao tangu 1991 umekuwa ukishughulikia ufundishaji wa sayansi ya ubongo na neva katika shahada ya kwanza. Waasisi hawakutaka kuwatunuku waliofaulu na kuishia hapo. Miongoni mwa malengo waliyoyaweka ni kuwaelimisha wananchi kuhusu sayansi hii na kuhimiza huduma kwa jamii, malengo ambayo cheti na kamba ya kuvaa siku ya mahafali haviwezi kuyatimiza.

Kama mnavyokumbuka, baadhi ya wajumbe walipendekeza tawi lipandishe masharti ya kujiunga juu ya yale ya kitaifa, yaani wastani wa alama wa 3.5 kati ya 4.0 katika masomo ya fani na 3.2 katika masomo yote, pamoja na kuwa ndani ya asilimia 35 ya juu ya darasa. Hoja yao ilikuwa kwamba heshima ikitolewa kwa wengi hupungua uzito. Niliipinga hoja hiyo na bado naipinga, kwanza kwa sababu mwenzetu anayefanya kazi za usiku ili ajilipie chumba hashindani na wengine katika uwanja ulio sawa, na pili kwa sababu wastani wa alama hauwezi kutuambia ni nani atakayekaa maabara mchana kutwa akikata ubongo wa panya katika vipande vyenye unene wa maikromita 40, kisha akavihamisha kimoja kimoja kwa brashi laini pasipo kuvichana. Hatimaye kikao kiliafikiana kwamba masharti yabaki yalivyo, ila kila anayepokelewa achukue jukumu moja la tawi kabla muhula haujaisha.

Matunda ya uamuzi huo yalionekana katika Wiki ya Uelewa wa Ubongo, tarehe 10 hadi 16 Machi 2025, tulipokwenda katika shule ya msingi iliyo jirani na chuo. Wanachama wapya ndio waliolowesha bongo za kondoo kwenye maji usiku kucha ili kupunguza harufu ya dawa ya kuhifadhia, na ndio waliosimama mezani na watoto. Ubongo wa kondoo una uzito wa takribani gramu 140 tu, wakati wa binadamu hukaribia kilo moja na nusu, lakini watoto walichokishangaa zaidi ni vile vinundu viwili vya kunusia vilivyojitokeza mbele, vikubwa mno kwa kiungo kidogo kama hicho. Msichana mmoja alitaka kujua vina kazi gani, na mwenzetu, badala ya kumtajia majina ya Kilatini, akamweleza kwamba kondoo jike humtambua mwanawe kwa harufu muda mfupi tu baada ya kuzaa. Kwa maoni yangu, hakuna mtihani wa fani unaopima uwezo wa kujibu namna ile.

Kuhusu utafiti, wenzetu waliohudhuria mkutano wa Society for Neuroscience, chama cha wanasayansi wa ubongo na neva, jijini Chicago Oktoba 2024 walionyesha mabango yao katika kikao cha wanafunzi wa shahada ya kwanza na kurejea na maoni yenye manufaa. Nauli na malazi vimebaki kuwa kikwazo, na ruzuku za safari zinazotolewa na Nu Rho Psi hazimtoshi kila mwombaji. Mkutano ujao utafanyika San Diego mwezi Novemba 2025. Mwenye kazi ya kuwasilisha aonane na mlezi wa tawi kabla ya chuo kufungwa, asingoje barua ya kukumbushwa.

Uongozi mpya utakabidhiwa ofisi mara baada ya uchaguzi. Glavu, trei na visu vya kupasulia vimehifadhiwa katika stoo ya maabara ya biolojia, na ufunguo anao katibu.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti wa Tawi